Nataka kufungua spa ndogo Entebbe: nianzie wapi?

Muulizaji, Entebbe
Ndugu zangu, hamjambo? Nimefanya kazi ya masaji kwa miaka 6 katika hoteli moja hapa mjini, na sasa nina akiba ya kulipia chumba kwa miezi 3 na kununua vitanda 2. Mwenye nyumba ananisihi nichukue vyumba 3, kwa kuwa wageni wanaoshuka uwanja wa ndege hawakosekani. Naomba wenye uzoefu wanieleze gharama ambazo hawakuzitarajia, pamoja na karatasi zinazotakiwa, kwani sitaki kufungiwa mlango mwezi wa kwanza.

Mama wa Jinja
Dada, hongera kwa akiba hiyo. Chukua chumba kimoja. Mimi nilianza na vitatu, na viwili vilikaa vitupu huku nikivilipia kodi.

Kilichonitesa zaidi, hata hivyo, ni taulo. Kila mteja hutumia taulo 2, kwa hiyo wateja 5 kwa siku ni taulo 10, na wakati wa masika haziwezi kukauka kwa siku moja. Usipokuwa na seti 3, moja kitandani, moja kwenye beseni na moja kwenye kamba, utakwama. Tena mafuta ya masaji hayatoki kwa maji baridi, bali hubaki ndani ya nyuzi na kuchacha. Siku moja mteja alilaza uso kwenye tundu la kitanda, akainua kichwa papo hapo, akaniuliza kwa upole kama taulo ile ilikuwa imefuliwa. Ilikuwa imefuliwa asubuhi ileile, lakini hakurudi tena. Tangu hapo nafua kwa maji ya moto, na iliyoanza kunuka naishusha iwe ya kupigia deki.

Hayo maji ya moto nayo yapigie hesabu: kupasha lita 100 kutoka nyuzi 20 hadi 60 hula karibu yuniti 5 za Yaka, yaani umeme wa kulipia kabla. Ukiweza, weka hita ya jua.

Mhasibu, Kampala
Kuhusu karatasi: sajili jina la biashara URSB, ofisi ya serikali ya kusajili biashara, chukua namba ya mlipakodi, yaani TIN, kutoka URA, mamlaka ya mapato, kisha leseni ya biashara kutoka manispaa yenu, ambayo huhuishwa kila mwaka. Biashara mpya za raia zilizoanza baada ya tarehe 1 Julai 2025, zenye mtaji usiozidi shilingi milioni 500, zimepewa msamaha wa kodi ya mapato kwa miaka 3, lakini una masharti, likiwemo la kuwasilisha ritani, yaani taarifa ya kodi.

Mkandaji, Mbarara
Naongeza jambo linaloniuma, kwa sababu wapo wanaodhani masaji ni kisingizio cha mambo mengine, na anayeumia ni mfanyakazi wako wa kike. Bandika ukutani huduma na bei, na umpe kila mfanyakazi ruhusa kamili ya kusitisha kazi na kutoka chumbani bila kukatwa mshahara. Vilevile, kabla ya kumwingiza mteja kwenye mvuke, muulize kuhusu ujauzito na presha.

Muulizaji, Entebbe
Asanteni sana. Nimemweleza mwenye nyumba kwamba nitachukua chumba kimoja, na fedha za kitanda cha pili nitanunulia taulo 30. Mama wa Jinja, taulo nyeupe zinavumilia mafuta, au ninunue za kahawia?