Naomba ushauri: nimpeleke mama kula chakula cha jioni juu ya Jabal Akhdar?

MtotoWaMkunazini
Assalaam alaykum ndugu zangu. Ninaishi Maskati, na mwezi wa Novemba mama yangu anakuja kutoka Unguja kunitembelea kwa mara ya kwanza. Nimekusudia kumpeleka kula katika mojawapo ya zile hoteli kubwa zilizojengwa ukingoni mwa korongo juu ya Jabal Akhdar, ule mlima wa hapa Oman, kwenye uwanda wa Saiq, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Nimeshika meza ya nje, ukingoni kabisa, saa mbili usiku, ili naye aone mandhari yale tunayoyaona katika picha. Gharama ya watu wawili inapita kodi yangu ya nyumba ya mwezi mzima, lakini hilo nimelikubali. Ninachouliza ni kimoja: je, meza ya nje inamfaa mtu mzima aliyevuka miaka sitini, au niombe tukae ndani penye vioo? Usafiri ninao.

Fundi_Nizwa
Wa alaykum salaam. Kabla ya kuuliza nje au ndani, itazame kwanza hiyo saa uliyochagua. Mwezi wa Novemba jua huku linazama kabla ya saa kumi na moja na nusu jioni, na ikifika saa mbili usiku korongo lote ni kiza kitupu. Mama ataona taa chache za vijiji na mwanga wa mshumaa wa mezani kwake, basi. Hamisha iwe chakula cha mchana, mkae hadi baada ya alasiri, kwa sababu jua likianza kuinama ndipo miamba inapobadilika rangi na yale makonde ya ngazi ya vijiji vya Al Aqr na Al Ayn yanapojitokeza, konde juu ya konde, na maji ya falaji, yaani mifereji ya kumwagilia, yakipita katikati.
Umesema usafiri unao, nami sitakuacha hapo. Kizuizi cha polisi pale Birkat al Mawz, chini ya mlima, hakipitishi gari lisilovuta kwa magurudumu yote manne, na watataka kuona leseni na mulkiya, yaani kadi ya gari. Wakati wa kushuka tumia gia ya pili na uache injini ishike gari, usikanyage breki mfululizo mpaka zinuke. Zile njia za changarawe zinazopanda pembeni zimewekwa kwa ajili ya gari lililoshindwa kusimama. Nimewahi kukuta familia imetandika mkeka pale inakunywa chai.

Mtwapa_Moja
Mimi nilimpeleka mke wangu huko tulipotoka Mombasa kumtembelea kaka yake. Tulisimama kwanza kwenye ule ukingo unaoitwa kwa jina la Diana, yule binti mfalme wa Uingereza, maana alifika hapo mwaka 1986 akiwa na mumewe Charles, na kwa kweli nilinyamaza, jambo ambalo mke wangu analikumbuka hadi leo. Kisha tukakaa mezani. Ikaja sahani pana kama sinia, na katikati yake vipande vitatu vya nyama ya kondoo na majani mawili. Mke wangu akamuuliza mhudumu kwa heshima kabisa, "Mwanangu, wali unafuata?" Mshibishe mama kabla hamjapanda.

BiMkubwa_Seeb
Mwanangu, nimesoma maneno yako na moyo wangu umekuwa mzito. Kumheshimu mama hakupimwi kwa bei ya sahani. Mpikie nyumbani, umwoshe miguu, umpeleke Nizwa sokoni akachague haluwa mwenyewe, na hiyo kodi ya mwezi umpe mkononi. Na kama ni lazima apande mlima, kwa nini Novemba? Subiri Aprili, wakati wa waridi. Yanachumwa alfajiri, wanayapika katika majiko ya udongo, na kijiji kizima kinanukia marashi. Makomamanga nayo yatakuwa yamekwisha ukimleta Novemba. Mwambie aahirishe safari.

MtotoWaMkunazini
Shukurani, Bi Mkubwa. Aprili haiwezekani.

Fundi_Nizwa
Haiwezekani kwa sababu gani? Ni viza ya mama, au ni tiketi?

MtotoWaMkunazini
Tiketi imeshakatwa. Meza pia nimeilipia arubuni, nayo hairudishwi.

BiMkubwa_Seeb
Tiketi hubadilishwa, mwanangu. Tuambie ukweli wako tukushauri vizuri.

MtotoWaMkunazini
Basi niseme. Mkataba wangu wa kazi unakwisha mwishoni mwa Novemba, na mwajiri hataurefusha. Tiketi ya mama ya kurudi Unguja na yangu ni za ndege moja. Yeye anajua kwamba ninamsindikiza kwa likizo; hajui kwamba sirudi tena huku. Pesa ya chakula inatoka kwenye kiinua mgongo changu. Ninajua mtasema ni ubadhirifu, lakini kiasi kilichobaki nimeshakipangia biashara ya vipuri pale Darajani, na chakula hiki hakitaiangusha. Nimemtumia mama pesa kila mwezi tangu nilipofika huku, wala sijawahi kumpa kitu ambacho tumekaa tukakila pamoja.

Mdadisi
Samahani, mimi sikubali. Uzi ulianza na meza ya nje au ya ndani, sasa tuna mama, mkataba uliokwisha na ndege moja. Mtu anayeujua mlima ule hawezi kushika meza saa mbili usiku halafu akazungumzia mandhari. Ama hujawahi kupanda huko na unatutungia hadithi, ama hili ni tangazo la hoteli lililovikwa machozi. Kesho ataingia mwingine atutajie jina la hoteli na bei ya vyumba.

Mtwapa_Moja
Ndugu Mdadisi ana hoja. Hata mimi hiyo saa mbili ilinishangaza.

BiMkubwa_Seeb
Aliyetaka kutangaza hoteli angekwambia bei yake inapita kodi ya nyumba? Mwacheni kijana.

MtotoWaMkunazini
Ndugu Mdadisi, jina la hoteli sikulitaja wala sitalitaja. Mlima naujua kuliko unavyodhani, kwa sababu nimekuwa nikipeleka mboga huko kwa gari la kampuni. Tulikuwa tunapita kizuizini alfajiri, tunafika mlango wa nyuma wa jiko, tunashusha masanduku ya saladi na nyanya, halafu mimi nasimama kumsubiri mtunza stoo ahesabu na kutia sahihi risiti. Mlango ule una kipande cha kioo, na kupitia humo nilikuwa naona meza tatu za mwisho, kitambaa cheupe kimebanwa kwa vibanio vya chuma kisipeperushwe na upepo, na baada ya meza hakuna kitu ila hewa. Kabla ya adhuhuri tulikuwa tumeshashuka. Jua likizama kule sijawahi kuwapo. Nimewahi kuwaona wageni wakila. Ninataka mama akae kwenye mojawapo ya meza zile tatu, na mhudumu amvutie kiti.

Mdadisi
Vibanio vya kitambaa hukuvisoma mahali. Naliondoa neno la tangazo. Lakini hoja ya saa inabaki palepale.

Mpishi_Mstaafu
Nimepika hotelini miaka mingi, ingawa si huko juu. Piga simu leo uwaombe wakuhamishie meza mchana. Arubuni kwa kawaida huhama na meza ukiwaarifu mapema, na mchana wa siku za kazi una nafasi kuliko Ijumaa na Jumamosi. Uliza waziwazi kama bei waliyokutajia ina kodi na ada ya huduma, maana vitu hivyo huongezwa juu yake mwishoni. Siku moja kabla, waombe jiko liwatengenezee harisi: ni laini, inashibisha, na kwa mama wa Unguja ni bokoboko tu. Shuwa usiiagize bila kuuliza, kwa sababu nyama hiyo hufukiwa shimoni siku nzima au zaidi, na ikiletwa kwa haraka ujue haikutoka shimoni. Swali lako la kwanza halijajibiwa: kaeni nje mchana, na jua likishuka muhamie ndani. Beba shali nzito, baridi ya kule huja ghafla.

MtotoWaMkunazini
Nimewapigia. Wamekubali Jumatatu, saa nane mchana, na meza ni ya nje. Landikruza nimeazimwa na mwenzangu wa kazini. Habari ya mkataba nimepanga kumwambia mama palepale mezani, tukishamaliza kula.

BiMkubwa_Seeb
Mezani hapana, mwanangu. Mwambie nyumbani usiku wa kuamkia siku hiyo, umpe nafasi ya kulia na kuuliza maswali yake. Ukisubiri umkalishe ukingoni, mbele ya wahudumu, atajizuia kwa ajili yako, na safari yote ya kushuka atakuwa anapiga hesabu ya ulichotumia.

MtotoWaMkunazini
Nitamwambia Jumapili, baada ya Isha.