Mjadala: Njia ya miguu ya pwani ya Malindi, tulipe kupita au tupite bure?

Mwanzisha mada

Swali hili hurudi kila msimu wa wageni unapokaribia, na kila mara tunaliachia barazani kahawa ikiisha. Leo naliandika ili tujibizane kwa hoja.

Kuna njia ya miguu inayofuata bahari. Inaanzia mji wa kale, penye Msikiti wa Juma na makaburi ya nguzo, inapita kanisa dogo la Wareno, inafika kwenye rasi ya mnara wa Vasco da Gama, yule baharia Mreno, kisha inateremka mchangani Silversands na kuendelea hadi kwenye mivinje ya Casuarina, upande wa hifadhi ya bahari. Naiita njia kwa sababu watu hupita, lakini ukiitembea yote utaikuta imekatika vipande vipande. Je, ijengwe iwe njia rasmi yenye lango na ada, au iwe wazi kwa kila mtu?

Msimamo wangu ni huu: ijengwe, iunganishwe, na kutembea kusilipishwe hata shilingi moja. Ada ibaki pale ilipo sasa, yaani ndani ya ua wa mnara unaotunzwa na Makavazi ya Taifa, na kwenye hifadhi ya bahari kwa wanaokwenda kutazama matumbawe.

Kwa wasiopajua, nieleze kidogo kuhusu rasi yenyewe, kwa sababu ndiyo kiini cha mzozo. Ni genge la matumbawe ya kale, jeusi na lenye ncha kali kiasi kwamba ndara hukatika. Maji yakipwa unaweza kushuka ukaona jinsi mawimbi yalivyolila chini, mwamba wa juu ukabaki umening'inia. Maji yakijaa siku za bamvua, yanapopanda kuliko siku nyingine, unasimama juu na kusikia wimbi likigonga ndani, chini ya nyayo zako. Ukitazama kaskazini unaiona ghuba nzima ya Malindi, na mvua zikinyesha bara maji yake huwa mekundu kwa udongo unaoletwa na mto Sabaki. Ukigeuka kusini ni mchanga mweupe na maji ya kijani. Jioni vijana hukaa pale na mishipi wakivua, wazee hupunga upepo, na wanafunzi husoma. Hapo hakuna mtalii wala mwenyeji, wote ni watu wanaotazama bahari.

Kisha endelea na safari uone. Hatua chache mbele unakutana na ukuta wa nyumba ya mtu uliojengwa hadi kwenye mwamba. Maji yakiwa yamejaa huna pa kukanyaga, inabidi urudi barabarani, uzunguke kwenye vumbi na bodaboda, utafute kichochoro kingine cha kushukia, na pengine kichochoro hicho nacho kina bawabu anayekuuliza unakwenda wapi. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 62, inasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Ni yetu, lakini tukitaka kuifikia tunaomba ruhusa.

Ndiyo maana naogopa lango. Mahali ambapo tayari tunazuiwa na kuta, lango la serikali litakuwa ukuta mwingine.

Mwongoza watalii, Malindi

Bwana mwanzisha mada, nakuheshimu, lakini mimi natafuta riziki kwenye njia hiyo hiyo, na naona unazungumza kana kwamba usafi na usalama huja vyenyewe. Nani atazoa chupa za plastiki? Nani atamlipa askari? Mgeni akisumbuliwa na watu watano kabla hajafika mnarani, haji tena, na akirudi kwao anasimulia. Lango dogo, ada nafuu, wenyeji waonyeshe kitambulisho wapite bure. Pesa ibaki Malindi. Hiyo ni dhuluma gani?

Mwanzisha mada

Kaka, usafi na askari ni lazima, na nitarudi kwenye pesa. Lakini hicho kitambulisho kitamfungia nani nje? Mtoto wa miaka 12 anayekwenda kuogelea hana. Mama anayetoka Ganda na ndoo ya maembe aliyoyamenya na kuyatia chumvi na pilipili, kila asubuhi aeleze kwamba yeye ni mwenyeji? Na jamaa yetu aliyekuja kutoka Garsen kumwuguza mgonjwa, akataka kupumua kidogo baharini, tumtoze kama mgeni?

Tazama Mombasa. Mama Ngina ni barabara ya juu ya genge kama hili letu, na ilipojengwa upya mwaka 2019 wengi tulidhani watu wa kawaida watafukuzwa. Mpaka leo jioni familia zinajaa pale na kachiri na madafu. Mahali pakubwa namna ile, penye watu wengi kuliko sisi, na watu wa kawaida hawakufukuzwa.

Mvuvi wa Shela, Malindi

Ninyi mnazungumza kuhusu wapita njia. Mimi nina mashua.

Kila mradi wa ufuo huanza kwa picha nzuri za watu wanaotembea, na kwenye picha hizo wavuvi hawamo. Sisi tunahitaji pa kuvuta chombo, pa kuanika nyavu, pa kupakua samaki kabla jua halijawa kali. Vitu hivyo vina harufu na vina fujo. Mkijenga njia nzuri yenye viti, mwaka wa pili atatokea mtu wa kusema nyavu zinaharibu sura ya ufuo. Sijali kama ni bure au kwa tiketi. Nataka kujua kwanza, kwa maandishi, bandari yetu imewekwa wapi kwenye ramani hiyo.

Jambo la pili ni taa. Kasa hupanda kutaga kwenye fukwe hizi, usiku. Watoto wao wakitoka shimoni hufuata mwanga, kwa sababu upande wa bahari ndio huwa na mwanga zaidi usiku pasipokuwa na taa za watu. Ukiweka taa kubwa juu ya Silversands, watakwenda barabarani badala ya baharini. Asubuhi utawakuta wamekauka, au wameliwa na kunguru.

Mfanyakazi wa hoteli

Mzee wangu, kasa nawapenda, lakini na sisi tunatoka kazini usiku. Wanawake wengi tunaofanya kazi jikoni na vyumbani huku upande wa Casuarina tunamaliza saa tatu, saa nne. Nauli ya tuktuk ikikosekana tunatembea, na kipande cha giza kati ya kuta mbili ndicho tunachokiogopa kuliko chochote. Bure au kwa tiketi, kwangu njia isiyo na mwanga huwa imefungwa tangu magharibi. Naomba hilo lisiachwe kwa mwisho kama kawaida.

Mwalimu wa historia

Nimesoma yote, na naona hakuna aliyegusa kinachoniuma. Mnabishana kuhusu bei ya kufika kwenye mnara, wala hamwulizi mnara huo unasimulia nini.

Vasco da Gama alifika hapa Aprili 1498 akitoka Mombasa, ambako mambo yalimharibikia. Sultani wa Malindi alikuwa na ushindani wake na Mombasa, akampokea vizuri, akampa rubani wa kumvusha hadi Calicut, India. Wengi bado hutaja jina la Ibn Majid, baharia Mwarabu, kuwa ndiye rubani, ingawa wanahistoria wengi hawakubali. Habari za Wareno wenyewe zinamtaja mtu wa Gujarat, huko huko India. Msalaba wa mawe ulioko juu ya mnara uliletwa kutoka Ureno, na awali ulisimama karibu na nyumba ya sultani kabla ya kuhamishiwa rasini. Nguzo nyeupe iliyoubeba ni ya baadaye sana.

Basi, mgeni anatembea, anapiga picha ya msalaba, anaondoka akiamini kwamba Malindi ilianza siku ile. Mwaka 1415, zaidi ya miaka themanini kabla ya Mreno, wajumbe wa Malindi walikuwa China wakimpelekea mfalme wa nasaba ya Ming zawadi ya twiga. Makaburi ya nguzo yaliyoko msikitini ni kazi ya watu waliokuwa na fedha, fundi na dini yao. Kisha Wareno walipoanza kujenga ngome ya Fort Jesus mwaka 1593 walihamia Mombasa, na mji wetu ukafifia. Urafiki ule haukutulipa sana.

Na kuna sura ambayo tunaiogopa. Malindi ya leo ilifufuliwa mwaka 1861 na Sayyid Majid wa Zanzibar, kwa mashamba makubwa ya mtama na ufuta yaliyolimwa na watumwa. Utumwa haukufutwa kisheria kwenye pwani hii hadi 1907. Waliotoroka walikwenda bara wakaanzisha vijiji vyao, na vitukuu vyao tunaishi nao. Njia ikijengwa, nataka habari hizo ziandikwe njiani kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, kabla ya lugha nyingine yoyote. Mkinihakikishia hilo, nitalipa ada bila kunung'unika. Mkishindwa, hata bure sioni faida.

Mwanzisha mada

Mwalimu, shukrani. Hoja yako inanipa nguvu. Mtoto wa mitaa yetu ya Maweni au Kisumu Ndogo ndiye anayehitaji kusoma habari hizo, na ndiye ada itakayemzuia. Mgeni atanunua tiketi, atasoma, atasahau. Huyu atarudi kila Jumamosi mpaka azijue kwa moyo.

Fundi wa mawe

Mimi ni mtu wa mawe, sina maneno mengi ya historia. Mnasema "ijengwe" kama jambo jepesi.

Mwamba ule haufi juu, unafia chini. Bahari inaula kwenye usawa wa maji, juu panabaki paa, na siku moja paa linaanguka zima. Ukimwaga zege pale ukingoni umeongeza uzito kwenye paa lisilo na mguu. Halafu mvua: zege halinywi maji, kwa hiyo maji yote yanakimbilia ukingoni na kupenya kwenye nyufa. Mawe haya ni chokaa, maji ya mvua yanayayeyusha polepole.

Najua mtaniambia kuhusu ukuta wa kuzuia bahari uliojengwa pale Fort Jesus. Ngome ile ilistahili, imeshikwa na mwamba wenyewe. Lakini ukuta haulimalizi wimbi, unalirudisha. Ukijenga ukuta rasini, lazima mtu apime kwanza mchanga wa Silversands utakwenda wapi, maana ndiyo jirani.

Rai yangu: njia irudi nyuma ya ukingo, iwe ya kokoto iliyoshindiliwa inayopitisha maji, na mahali pa kutazamia pawe pachache, pale mwamba ulipo mnene. Uzio mfupi wa mbao. Haina fahari, lakini itadumu.

Mwongoza watalii, Malindi

Fundi, hapo umenena. Wageni wangu husogea ukingoni kupiga picha mpaka moyo unanidunda.

Lakini njia ikirudi nyuma ya ukingo itaingia kwenye viwanja vya watu. Mmelifikiria hilo?

Mwanzisha mada

Nimelifikiria, na hapo ndipo mjadala wote umesimama.

Mvuvi wetu anataka bandari iwekwe kwenye ramani kabla ya jiwe la kwanza, naafiki, na iwe kwa jina la kikundi cha wavuvi wenyewe. Taa: dada wa hoteli na mzee wa mashua si lazima wagombane. Taa ziwe fupi, za usawa wa goti, rangi ya chungwa, zilizofunikwa upande wa bahari, na ziwekwe upande wa barabara, si mchangani. Penye mchanga njia ya usiku ipande juu, nyuma ya mivinje. Vibao kwa Kiswahili kwanza, bila mjadala.

Lakini kuta sikubali zizungukwe kimya kimya. Ukiwauliza wazee, watakuonyesha vichochoro walivyopita utotoni kwenda kuoga, na leo vina mageti. Tungeanza na kazi isiyohitaji hata mfuko mmoja wa saruji: maafisa wa ardhi waje na ramani za upimaji, watembee kutoka msikitini hadi Casuarina, maji yakiwa yamejaa, wananchi wakiwa nyuma yao, na kila ukuta uulizwe hati yake. Uliojengwa kihalali, mwenyewe azungumzwe naye na alipwe akitoa ukanda wa kupita. Usio na hati, ubomolewe. Kabla ya hapo, njia yoyote itakayojengwa itakuwa kipande cha mapambo mbele ya mnara, na lango litawekwa hapo hapo kwa sababu ndipo rahisi.

Mwongoza watalii, Malindi

Hilo la kutembea na ramani nitakuja, na nitaleta wenzangu. Lakini bado hujaniambia mshahara wa askari unatoka wapi.

Mwanzisha mada

Maegesho. Mabasi ya watalii na magari madogo yote huja kusimama karibu na mnara. Yatozwe hapo, barabarani, na risiti itolewe. Vibanda vya madafu na vinyago vilipe kodi ndogo ya mwezi. Nawe na wenzako mkisajiliwa, mchange kiasi mtakachokubaliana kwa ajili ya usafi.

Mwongoza watalii, Malindi

Maegesho naweza kuyatetea mbele ya chama chetu. Kuhusu mchango, tukae kwanza, kwa sababu mwezi wa Mei hapa huwa hakuna mgeni hata mmoja, kusi linavuma na mwani umejaa ufuoni.

Mvuvi wa Shela, Malindi

Mkikaa, mtuite. Na isiwe Ijumaa mchana, wala siku za bamvua.