Naomba ushauri: plagi ninazotengeneza zinalegea pini zikipata joto, nichanganye plastiki na nini?

kijana_wa_gofu
Wakuu salaam. Naenda kwenye mada moja kwa moja. Nipo Tanga mjini, nina kibanda cha kazi maeneo ya Gofu. Natengeneza plagi, hizi za pini tatu bapa za kufungia pasi, jagi la umeme, ekstensheni. Bodi naifyatua kwa mashine ya mkono: plastiki inayeyuka juu, unavuta mpini, inashuka kwenye moldi, unasubiri ipoe, unafungua. Pini ni za brasi, nanunua bapa Dar, nakata na kutoboa mwenyewe.

Tatizo langu ni moja. Mtu akichomeka kitu kizito, jagi kwa mfano, plagi inapata joto na pini ya laivu, ile inayoleta umeme, inaanza kucheza. Ikishazoea, siku ukivuta, bodi inatoka na pini inabaki kwenye soketi. Plastiki yangu ni ya ndoo na viti vilivyovunjika, nasaga. Mmoja kaniambia nichanganye unga wa chupa, mwingine kasema chokaa. Kipi sahihi na kwa kipimo gani? Nina haraka kidogo. Matusi tuweke pembeni.

Tikisa Kiberiti
Watu wa Tanga tuliwajua kwa mahaba na mkonge, leo mmefika kwenye plagi. Nimekaa siti ya mbele, karanga ninazo.

Mzee Wa Nyaya
Kijana, kabla hatujafika kwenye chokaa: hiyo pini inayobaki kwenye soketi ina umeme. Mtoto akiishika, umepata kesi.

Haya, joto. Unatafuta dawa kwenye plastiki wakati ugonjwa unaanzia kwenye chuma. Joto la pale ni ampia zizidishe kwa zenyewe, halafu zidisha kwa ukinzani wa kiungo. Plagi hiyo mwisho wake ni ampia 13. 13 mara 13 ni 169. Skrubu ikilegea, kiungo kikafika omu 0.1 tu, una karibu wati 17 zinapika ndani ya kitu kisichojaa hata kiganja. Plastiki ya ndoo inalegea mapema, inayeyuka kabisa kwenye nyuzi 160 na kitu, na ikishika moto inadondosha matone yanayowaka. Chokaa itaifanya ngumu na nzito, basi. Na angalia pia mafundi wako wasipake risasi ya kulehemu kwenye ncha ya waya kabla ya kubana skrubu. Risasi inabonyea taratibu, kiungo kinalegea.

Plagi nyingi za maana bodi yake ni jamii ya bakelaiti au yuria. Ni unga unaoshindiliwa kwenye moldi yenye moto, na ukishaiva hauyeyuki tena hata uuchome. Njia hiyo aliipata mkemia Baekeland, mwenye jina la bakelaiti, mwaka 1907 na haijachakaa. Ila mashine yako ya mpini haiiwezi, inataka presi na moldi ya kupashwa moto. Ukitaka kubaki na mashine yako, tafuta punje za polikabonati, plastiki ngumu inayostahimili joto, zenye dawa ya kuzuia moto. Hizo zikaushe kwanza, nyuzi 120 kwa saa tatu au nne, la sivyo kwa unyevu wetu huu wa pwani zitakutolea mapovu. Na kuzifyatua zinataka nyuzi 280 kwenda juu. Mashine yako inafika?

Halafu, hizi plagi ni za majaribio au unauza? Na haraka ya nini?

mama Nasra
Afadhali umeleta hii mada. Mimi nilibadilishiwa plagi ya pasi hivi karibuni, mpya kabisa. Nikichomeka inagoma, mpaka nitie kalamu kwenye tundu la juu ndiyo iingie. Mbovu ni soketi au plagi? Soketi ni ile ile ya miaka yote.

PembeYaBahari
Mama Nasra, hiyo kalamu acha. Nikupe kisa changu. Nilikuwa na friji pale Chumbageni, umeme ukakatika, uliporudi ulirudi kwa kishindo, fyuzi ya ndani ya plagi ikapasuka na moshi juu. Nikaivunja nione. Bomba tupu, ndani kawaya kembamba kama unywele. Fyuzi ya kweli ya plagi ile inajazwa mchanga, ndio unaozima cheche inapokatika. Tangu hapo nikinunua plagi nanunua na fyuzi pembeni, mwenye duka ananiona sina akili nzuri. Na aliyeniuzia lile friji naye ana mambo yake, baba yake na baba yangu walikuwa shamba moja la mkonge, wakagombana kwa ajili ya baiskeli. Tuyaache.

Tikisa Kiberiti
Hapana, hatuyaachi. Baiskeli ilikuwa ya nani?

Nyumba Kumi
Mleta mada, mzee kakuuliza: unauza au hauuzi?

kijana_wa_gofu
Nashukuru mzee wangu kwa darasa. Ni sampuli tu, natafuta soko. Hiyo polikabonati kilo moja inaenda bei gani?

Mzee Wa Nyaya
Sampuli haina haraka. Na umeandika mwenyewe "mtu akichomeka jagi". Mtu gani?

kijana_wa_gofu
Sawa. Kuna tajiri mmoja ana duka la vifaa vya umeme Ngamiani, kanipa oda na kuniachia nusu ya hela. Hela yenyewe imeshaishia kwenye brasi na kwa mchonga moldi. Boksi kadhaa zimeshatangulia dukani. Waliorudisha ni wachache mno, na wengine wanapachika tatu kwenye ekstensheni moja, hapo nako kosa langu? Za kutoka nje zinaungua kila siku, sijaona mtu kafungua uzi. Akitokea mzawa kaanzisha kiwanda, ndiyo mnakunja sura.

Abuu_Swabir
Ndugu yangu, umemuuzia mja mwenzako kitu unachojua kina kasoro na hukumwambia. Mtume (s.a.w) alipita sokoni akatia mkono kwenye rundo la chakula, akakuta ndani kuna maji, akasema mwenye kughushi si katika sisi. Hiyo ilikuwa nafaka tu, itakuwaje kwa umeme? Chumo likiwa na shaka halikai mfukoni. Toa boksi zako dukani, urudishe amana ya watu.

Tikisa Kiberiti
Ustadhi, amana imeshakuwa pini. Akirudisha atarudisha kwa kilo.

Nyumba Kumi
Mimi nina duka, si Tanga. Mteja wa plagi siku hizi anaigeuza kwanza atafute alama ya TBS, Shirika la Viwango. Ya kwako tajiri anaiuzaje haina alama?

kijana_wa_gofu
Alama ipo.

Nyumba Kumi
Ipo kivipi? Lini umepimiwa?

kijana_wa_gofu
Moldi ndivyo ilivyochongwa. Tajiri alimpa mchongaji plagi ya mfano, naye kaitoa kama ilivyo, na 13A yake na alama yake. Mimi sikuagiza alama. Kuifuta ni kumlipa mchongaji upya na pesa hiyo sina. Mpango wangu nikishasimama niende TBS nikahalalishe, maana huwezi kwenda mikono mitupu. Naomba turudi kwenye plastiki, hilo la alama nitalimaliza mwenyewe.

Mzee Wa Nyaya
Kumbe hilo ndilo lenye haraka.

Nyumba Kumi
Huwezi kulimaliza mwenyewe. Kutumia alama ya ubora bila leseni ya TBS ni kosa kwenye Sheria ya Viwango ya 2009, haiangalii nani alichonga. Na njia ya halali unaikimbia bure. SIDO, shirika la viwanda vidogo, ipo hapo hapo Tanga. Mjasiriamali mdogo wanamwandikia barua ya utambulisho kwenda TBS, TBS wanakuja kuona unavyofanya kazi, wanachukua bidhaa wakapime. Kuna mtu wangu wa karibu kapitia njia hiyo na siagi ya karanga.

kijana_wa_gofu
Siagi haipimwi kama plagi mkuu. Plagi wataichoma moto pale pale.

Mzee Wa Nyaya
Ndiyo, wataichoma, na utaratibu wake hauna siri. Waya uliopashwa mpaka nyuzi 750 unagandamizwa kwenye plastiki inayoshikilia pini kwa sekunde 30, kisha unaondolewa. Ikiwaka, moto uzime wenyewe ndani ya sekunde 30 nyingine. Ukitaka kujua utafika wapi, chukua kipande cha ndoo yako na kiberiti, nenda nje ya kibanda. Utapata jibu bila nauli ya kwenda Dar.

Chai Rangi
Wakuu mnalishwa chai na mnaomba vitafunwa. Nimepitia nyuzi za huyu bwana. Mwaka jana alikuwa Geita anauliza bei ya karasha la mawe. Kabla ya hapo alikuwa binti anatafuta mchumba mwenye hofu ya Mungu na usafiri. Leo ana kiwanda cha plagi Gofu! Picha hata moja hajaweka. Na sijawahi kusikia mashine yoyote ya plastiki mitaa ile.

PembeYaBahari
Chai ingekuwa afadhali. Mimi naona huyu katumwa. Anafungua uzi wa plagi bandia ili watu wajitaje, kesho magari yanakuja Ngamiani. Na ile habari yangu ya friji, mjue nilikuwa nasimulia tu. Sina friji.

Tikisa Kiberiti
Na baiskeli?

Abuu_Swabir
Akiwa katumwa au hakutumwa, nasaha yangu haibadiliki.

kijana_wa_gofu
Dah. Akaunti nilikuwa natumia na dada yangu, huyo wa mchumba ni yeye, na alipata, ana watoto wawili Muheza. Geita nilikwenda kweli, karasha ndilo lililonipa mtaji wa mashine. Picha siweki, ile moldi mtu akiiona tu anajua imetoka kwa nani. Anayeona ni chai asinywe.

Chai Rangi
Majibu yameandaliwa vizuri. Mwandishi wa tamthilia huyu.

Mzee Wa Nyaya
Picha ya nini, picha unaokota popote. Anayekata pini kwa mkono ana mambo anayajua bila kufikiri. Kijana, jibu upesi: bapa zako za brasi ni za upana gani, na pini ya eathi inatoka nje ya bodi urefu gani?

kijana_wa_gofu
Bapa nanunua za upana wa aina mbili, za eathi milimita 8, za laivu na nyutro 6 na kitu. Unene 4 zote. Urefu nimetengeneza geji moja, zote tatu zinatoka nje milimita 18. Nikikata hivyo kwenye ufito mmoja wa eathi napata pini za ziada, brasi imepanda bei.

Chai Rangi
Hizo namba mbona unazipata kokote.

Mzee Wa Nyaya
Asingezipata kokote. Mwongo angekwenda kutafuta, akarudi na jibu sahihi.

Sahihi ni eathi karibu milimita 23, hizo mbili karibu 18. Hizo milimita tano ambazo wewe umeziona brasi ya bure zina kazi. Eathi inatangulia kuingia, inasukuma vile vifuniko vya ndani ya soketi vifunguke, ndipo laivu na nyutro zipate njia. Na bati la pasi linakuwa limeshaungana na ardhi kabla umeme haujafika. Wewe ukizilinganisha, laivu na nyutro zinagonga kifuniko kikiwa bado kimefungwa. Hapo mtu atalazimisha kwa nguvu au atafute kijiti. Na nina hakika hata ule mkono wa plastiki kwenye shingo ya laivu na nyutro hujauweka, ule unaozuia kidole kugusa brasi plagi ikiwa nusu nje.

kijana_wa_gofu
Mkono sijaweka, moldi haina nafasi yake. Kuhusu urefu, tajiri alijaribu dukani ikaingia.

Nyumba Kumi
Soketi ya dukani ya kujaribia vifuniko vyake vimeshakufa zamani. Ya kwangu pia.

kijana_wa_gofu
Basi naweza kubadilisha eathi tu. Nafungua skrubu, naweka ndefu, bodi zinabaki zile zile, za oda hii ziishe. Polikabonati nitaanza nayo oda ijayo. Hiyo si sawa mzee?

Mzee Wa Nyaya
Na bodi ya ndoo? Na alama? Si sawa.

kijana_wa_gofu
Mzee, wewe una pensheni. Mimi tajiri ananipigia simu asubuhi na jioni.

mama Nasra
Shkamoo mzee. Nimesoma hapo juu nikaenda kuchomoa pasi, nimeilaza plagi kwenye rula ya mtoto. Pini zote tatu zimelingana, kama 18 hivi. Ya laivu nikiishika inacheza. Haina ile plastiki ya shingoni. Alama ya TBS ipo, imechongwa kidogo upande. Plagi nilinunua Ngamiani.

Tikisa Kiberiti
Karanga zimeniponyoka.

Chai Rangi
Mama Nasra, usije ukawa ndiye yule dada wa Muheza?

mama Nasra
Nakaa Makorora mie, na mchumba nilipata bila kutangaza. Mzee, niifanyeje hii plagi?

Mzee Wa Nyaya
Marahaba mwanangu. Usiichomeke tena. Kata waya karibu na plagi, fundi akufungie nyingine, na umwambie apitishe kipimo kwenye soketi yenyewe. Kama umekuwa ukilazimisha, chemchemi za vifuniko huenda zimechoka. Hiyo iliyokatwa usiitupe, iweke.

kijana_wa_gofu
Mama Nasra, samahani sana. Njoo PM, nakutumia hela ya plagi ya dukani na ya fundi, leo leo. Hiyo nyingine nitaifuata mwenyewe Makorora. Ila nakuomba sana, jina la duka usilitaje humu.

Abuu_Swabir
Duka lipi?

Nyumba Kumi
Barabara ya ngapi?