Mrejesho: Saa ya 1815 ya A. Lange & Söhne

Ndugu zangu, niliuliza kama toleo maalumu la saa ya mkononi iitwayo 1815, lililotolewa mwaka 2015 na kampuni ya Kijerumani ya A. Lange & Söhne, linaadhimisha kampuni au mwanzilishi wake, na kama saa ya kutia ufunguo ni usumbufu. Nawashukuru mlionijibu.

Linamwadhimisha mwanzilishi: Ferdinand Adolph Lange alizaliwa Dresden mwaka 1815, akafungua karakana ya saa Glashütte, mji wa mashariki mwa Ujerumani, mwaka 1845, kampuni ikataifishwa mwaka 1948, hadi kitukuu chake, Walter Lange, alipoifufua mwaka 1990, baada ya Ukuta wa Berlin kuanguka.

Saa zenyewe ni 200 tu, za platinamu, zenye uso mweusi na mshale mdogo wa sekunde upande wa chini. Hazionyeshi tarehe, jambo ambalo kwangu ni sifa katika saa ya kuvalia suti. Zikijazwa hutembea kwa muda wa saa 55, hivyo kutia ufunguo kila asubuhi kunatosha kabisa. Kilichonivutia zaidi kiko nyuma: bamba linalofunika robo tatu ya mtambo, la mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki usiopakwa chochote, ambao hubadilika rangi taratibu kadiri miaka inavyopita, pamoja na nakshi iliyochongwa kwa mkono, kiasi kwamba hakuna saa mbili zinazofanana. Kuinunua siwezi, wala sikukusudia.