Wenye watoto au wanafunzi waoga wa kuongea mbele za watu, tupeane uzoefu

Wakuu habari za jioni. Niko Igoma hapa Mwanza, nina kijana fomu wani, nyumbani anaongea mpaka unamwambia apumzike ila akiambiwa asome taarifa ya habari paredi sauti inakata, magoti yanatetemeka. Msingi kasoma Kiswahili, sasa hivi kila kitu Kingereza. Nyie mlifanyaje? Walimu njooni huku.

Mwl Buhongwa: Mkuu hapo kuna woga wa aina mbili, anaogopa watu na anaogopa Kingereza, ukimbebesha vyote siku moja unammaliza. Mi huwa naanza na Kiswahili, dakika moja tu, kitu anachokijua yeye kuliko mimi. Kuna binti mama yake anauza dagaa soko la samaki la Mwaloni, darasani alikuwa kama hayupo, nikamwambia hebu tufundishe kuchagua dagaa. Weee! Akasema wa kwenye chanja wanang'aa, walioanikwa chini unawajua ukitafuna tu mchanga unalia kwenye meno, akaonyesha na vidole jinsi ya kuwapepeta, wenzake wakaanza kumbishia na yeye anajibu tu. Wiki iliyofuata mada ileile kwa Kingereza, maneno magumu nimeyaandika ubaoni. Alikwama kwama ila hakukaa chini.

Mtoto wa Sengerema: Mi kwenye dibeti nilipewa kengele ya kutunza muda. Huongei, unagonga tu, ila uko mbele macho yote kwako, mwili unazoea. Baadaye nikawa katibu, nasoma muhtasari, mwisho nikaanza kuchangia hoja mwenyewe.

Mama Kirumba: Naomba walimu muache kumkatiza mtoto katikati kisa kachanganya r na l, darasa likicheka hapo umempoteza. Msahihishe akimaliza, pembeni.

Nyegezi kwetu: Na asikariri hotuba nzima, akisahau neno moja yote inayeyuka. Pointi tatu kwenye kikaratasi basi.

Mwl Buhongwa: @Nyegezi kwetu nusu nakubali, sentensi mbili za mwanzo mwache akariri, hapo ndo pumzi inabana, zikishatoka hizo anaendelea mwenyewe.

Mleta mada: Asanteni sana wakuu. Jumatatu naenda kumuomba mwalimu wake ampe kwanza hiyo kengele. Ila hivi fomu wani wanaruhusiwa kwenye dibeti au mpaka fomu tuu?

Mtoto wa Sengerema: Inategemea na shule mkuu, sisi tulianza fomu wani, tunakaa nyuma huko.