Fundi umeme kukagua nyumba za kununuliwa Texas bila leseni ya ukaguzi: niko salama?

FundiStima: Wadau, habari za wikendi. Mimi ni fundi umeme Houston, leseni ya umeme ninayo. Watu wa kanisani wakitaka kununua nyumba hunichukua nikaiangalie. Jumamosi nilifungua paneli ya nyumba ya 1971, nikakuta nyaya za alumini, ganda la mmoja limeungua jeusi kama ukoko. Muuzaji akashusha bei. Sasa mke wangu kanitengenezea tangazo la Facebook: "Nakagua nyumba kabla hujanunua, dola 150." Jamaa ananiambia nitajitia matatani. Ni kweli au wivu?

MamaEli: Kaka, usilirushe. Sheria ya Texas, sura ya 1102, inamsamehe fundi umeme, fundi bomba, seremala, hata wa dawa za mchwa, akikagua kwenye shughuli zake. Ila usijinadi kwa watu kwamba biashara yako ni ukaguzi. Paneli haina kesi. Kesi iko kwenye hilo tangazo.

MzeeSacramento: Huku California ukaguzi wa nyumba hauna leseni kabisa. Piga kazi kijana!

MamaEli: Mzee, shikamoo, lakini mwenzetu yuko Texas 😂

FundiStima: Na nikiandika "fundi umeme, naangalia umeme wa nyumba unayotaka kununua"?

MamaEli: Hapo angalau unabaki ndani ya leseni yako. Hata hivyo waandikie kwanza TREC, tume ya Texas inayotoa leseni za ukaguzi wa nyumba, jibu lao ulitunze.

BintiKaty: Mimi niseme upande wa mnunuzi. Nilimwita fundi wetu mmoja, umeme akausifu, nikasaini. Miezi minne baadaye mlango wa chumbani haufungi, na juu ya dirisha ufa umepanda kama ngazi. Msingi umezama, udongo wa huku hutanuka kwa mvua, husinyaa kwa jua. Ningemdai nani? Inspekta kamili anatakiwa awe na bima isiyopungua dola 100,000, na kwenye fomu ya TREC msingi ndio kipengele cha kwanza. Mimi siku za kujitoa kwenye mkataba zilipita nikisifia taa.

FundiStima: Pole sana dada. Kusema kweli msingi sijawahi hata kuuinamia. Tangazo nimefuta, mke kanuna. Nasikia kuna leseni ya uanagenzi wa ukaguzi, ikoje?

MamaEli: Unafanya kazi chini ya inspekta mwenye leseni, yupo hapohapo anakuona. Shemeji yangu anatafuta mtu wa kumshikia ngazi. Njoo PM.