Re: Kebo ya TV kwenye kempa, chenga tupu

Ndugu zangu habari za huko mliko. Tumekodi kempa (gari lenye nyumba ndani) likizo hii, tupo kempingi, yaani kwenye uwanja wa kuegesha kempa, karibu na Pigeon Forge, Tennessee, saiti tumelipia yenye maji, umeme na kebo. Maji sawa, umeme sawa, TV chenga tupu. Ofisini wanasema kebo yao nzima, majirani wanaona. Waya nimechomeka kwenye nguzo na kwenye kempa kwa nje, kila kitu kimekaza. Baba mkwe katoka nyumbani juzi anataka mpira na taarifa ya habari. Msaada jamani.

---

Pole kaka, na mzee mpe shikamoo yangu. Usinunue kitu na usigombane na ofisi bado. Ingia ndani ya kempa, tafuta karibu na TV au ndani ya kabati la juu yake, kuna kibao kidogo cha ukutani chenye tundu la waya wa TV na kitufe kidogo chenye taa ndogo ya kijani au nyekundu. Hiyo ni busta, yaani kikuza signali, ya antena ya juu ya paa. Kama taa inawaka, ZIMA. Kempa nyingi zimefungwa hivi: busta ikiwaka inapeleka umeme wa volti 12 kwenye antena na TV inasikiliza antena tu, ikizimwa ndo njia ya kebo inafunguka. Watu wengi wanaiwasha wakidhani itaongeza nguvu ya kebo, kumbe ndo wameifungia mlango.

Ukishazima, shika rimoti, ingia kwenye menyu ya chaneli, utakuta inauliza antena au kebo, chagua kebo halafu iache iserchi upya mpaka mwisho hata ikichukua dakika kumi. Hii usiiruke, maana chaneli ya kebo na ya hewani, kuanzia namba 14 kwenda juu, hata zikiwa na namba moja hazikai kwenye masafa yale yale, na kila kempingi ina mpangilio wake, kwa hiyo ulichoserchi kempingi ya jana hakikusaidii ya leo.

Pia angalia vizuri pale nje ulipochomeka. Kempa nyingi zina matundu mawili yanayofanana kama mapacha, moja limeandikwa CABLE lingine SAT, hilo la SAT ni la dishi na linaenda njia yake nyingine kabisa.

Ikigoma bado, beba TV hadi kwenye nguzo, vuta umeme kwa ekstensheni, chomeka waya mfupi moja kwa moja pale userchi. Ikishika picha, basi tatizo ni waya wako au ndani ya kempa. Isiposhika, hapo sasa unaenda ofisini ukiwa na hoja, na uwaulize kama wanatoa king'amuzi, kwa sababu tangu 2012 serikali ya Marekani iliruhusu makampuni ya kebo yaliyo ya kidijitali tupu kufunga kwa msimbo hata zile chaneli za msingi, kwa hiyo kempingi nyingine bila king'amuzi huoni kitu hata userchi mpaka asubuhi.

Na waya wenyewe ukague, fungua nati uangalie ule uzi wa shaba wa katikati, uwe umenyooka, unang'aa na umechomoza kidogo nje ya nati. Ukiwa umepinda au una kutu ya kijani picha haiji. Nunua wako wa RG6 (aina ya waya wa TV) futi 50 ukae nao, ya kuazima pale huwa imeshakanyagwa na magari.

---

Kaka niongezee kidogo. Kebo ikishindikana kabisa antena ipo, chomoa kebo, washa hiyo busta, pandisha antena, na kwa hapo mlipo ielekeze Knoxville, yaani kaskazini magharibi, TV irudishe kwenye antena iserchi. Stesheni kubwa za Marekani, ABC, CBS, NBC, FOX na PBS, zinarushwa bure hewani, ila milima ya huko inaziba kwa hiyo zungusha taratibu. TAFADHALI ishusheni kabla ya kuondoa gari, nimeona antena imeng'olewa na tawi na paa likaanza kuvuja.

Mpira utaupata humo. Taarifa ya Kiswahili lakini hutaipata kwenye kebo yao, mwekee mzee YouTube kwa hotspot ya simu, wifi ya kempingi jioni inakwama kila mtu yuko juu yake. Taarifa ya saa mbili usiku ya nyumbani kwa huko ni saa saba mchana, au saa sita wakati wa baridi, so asisubiri usiku.

---

Asanteni sana!! Taa ilikuwa inawaka kijani nyuma ya pazia, nimezima, nikaserchi, chaneli zimejaa. Mzee kashakaa. Sasa TV ya chumbani bado chenga, hiyo nayo ina kitufe chake?

---

Hapana, kitufe ni hicho kimoja. Signali inagawanywa ikienda chumbani. Hiyo TV iserchi na yenyewe kivyake kwa kebo, haichukui za sebuleni. Ikigoma, chungulia nyuma ya kile kibao, skrubu mbili tu, kuna nati za waya mle, mtikisiko wa barabarani huwa unazilegeza. Kaza kwa vidole kwanza halafu spana kidogo sana.